Kwaresima na watoto wa miaka 4, 8 na 12: wafunge nini, wahesabu vipi, waelezwe nini?

Mama_Watatu

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Naomba msaada wa wale wanaofundisha watoto, hasa makatekista na walimu wa shule ya Jumapili. Watoto wangu wana miaka 4, 8 na 12. Tunataka Kwaresima hii iwe ya nyumba nzima, si ya baba na mama tu huku watoto wakiburutwa nyuma.

Mkubwa anataka kufunga "kama watu wazima", yaani asile mchana kutwa Jumatano ya Majivu na kila Ijumaa. Sijui nimruhusu mpaka wapi. Wa kati anajiandaa kwa kitubio cha kwanza, yaani kuungama dhambi kwa padre. Amehesabu siku kwenye kalenda akapata 46, sasa anauliza kwa nini tunasema 40. Mdogo anaogopa msalaba wenye sanamu ya Yesu na anauliza kama Yesu atakufa tena mwaka huu. Halafu kuna nia za Kwaresima: wataje nini cha kuacha, na Jumapili inahesabiwa au haihesabiwi? Naomba mambo ya kutenda, nadharia ninayo.

---

Katekista_Mzee

Milele na milele, amina. Mama, naanza na hesabu ya huyo wa kati, maana yuko sahihi na anastahili jibu kamili. Kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Ndani yake zimo Jumapili 6. Jumapili ni siku ya ufufuko na haifungwi hata ndani ya Kwaresima. Toa 6, zinabaki 40. Mpe na kazi ya kutafuta arobaini nyingine kwenye Biblia: mvua ya Nuhu (Mwanzo 7), Musa mlimani (Kutoka 34:28), Eliya akienda Horebu (1 Wafalme 19:8), na Yesu jangwani (Mathayo 4:2). Mtoto wa miaka 8 akizipata mwenyewe hazisahau.

Sasa mchoreeni kalenda, nyumba nzima itumie hiyo hiyo. Laza karatasi ya A4, chora safu wima 7 zenye upana wa sentimita 4, na safu mlalo 7 zenye kimo cha sentimita 2 na nusu. Chini inabaki nafasi ya kutosha kwa kisanduku kimoja kirefu cha Pasaka. Juu andika siku ukianza na Jumapili. Safu ya kwanza inatumia visanduku vinne tu vya kulia, Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi. Sita zinazofuata zinajaa zote. Nne na arobaini na mbili, ndiyo 46 yake. Msianze wiki na Jumatatu: hesabu haiharibiki, ila Pasaka inaangukia ndani ya safu ya mwisho na mtoto anaipaka zambarau pamoja na nyingine.

Rangi zifuate kanisa. Zambarau kwa siku za kawaida. Dominika (Jumapili) ya nne ni ya waridi, kwa sababu ni Dominika ya furaha, nusu ya safari imepita. Dominika ya Matawi ni nyekundu, na Ijumaa Kuu vilevile. Alhamisi Kuu igawanywe kwa mstari wa mshazari, nusu zambarau na nusu nyeupe, kwa kuwa kiibada Kwaresima inaishia kabla ya Misa ya jioni ya Karamu ya Bwana, ingawa hesabu ya siku 40 inafika Jumamosi Kuu. Ikiangukia ndani ya Kwaresima sherehe ya Mtakatifu Yosefu (19 Machi) au ya Kupashwa Habari Bikira Maria (25 Machi), ziachwe nyeupe. Mtoto akifika kanisani akaona padre amevaa rangi ile ile aliyopaka asubuhi, umeshinda nusu ya kazi.

Jambo moja nasisitiza sana: kisanduku kipakwe rangi kila siku, mtoto awe ametimiza nia yake au ameshindwa. Kalenda hii inahesabu siku, haihesabu ushindi. Ukiifanya ya ushindi, ikifika wiki ya pili kuna mapengo manne, mtoto anaona ameshaharibu Kwaresima yote na anaacha.

Kuhusu nia: Injili ya Jumatano ya Majivu (Mathayo 6) inataja vitu vitatu, sadaka, sala na kufunga, na watoto karibu wote hupewa kimoja tu, kuacha pipi. Kuacha pipi peke yake ni kunyimwa. Kila kinachoachwa lazima kiwe na mahali kinapokwenda. Akiacha katuni dakika 20 jioni, amueni siku hiyo hiyo dakika hizo zinakuwa nini: kumsomea mdogo wake, kumpigia bibi simu, kusali fumbo moja la rozari. Msipopanga, dakika zile zitahamia kwenye simu ya baba na mtoto atakuwa na kinyongo juu yake. Akiacha kitu cha kununuliwa, pesa ile ile iingie kwenye kopo mbele ya macho yake, siku ile ile.

Nia nzuri ya mtoto ina sifa hizi: ameichagua mwenyewe kati ya mbili au tatu ulizompa, inatendeka kila siku, na jioni anaweza kujibu ndiyo au hapana. "Nitakuwa mtoto mwema" haijibiki. "Nikiambiwa zima runinga, nitazima kabla ya kuambiwa mara ya pili" inajibika. Wa miaka 4 apewe nia ya wiki moja moja, siku arobaini hazimo kichwani mwake. Wazazi wengi huingiza hapa matatizo yao ya malezi: kufanya kazi za shule, kutandika kitanda, kuacha kugombana. Hayo ni wajibu wa mwaka mzima. Ukiyaita Kwaresima, Jumatatu ya Pasaka mtoto atakuambia muda umekwisha, na atakuwa na hoja.

---

Nesi_Lishe

Nazungumzia huyo wa miaka 12, Mama_Watatu.

Sheria ya Kanisa Katoliki kwanza. Kanuni ya 1252 inasema kuacha nyama kunawabana waliotimiza miaka 14, na kufunga kunawabana waliofikia utu uzima, yaani miaka 18, hadi wanapoanza mwaka wa 60. Mwanao hajafika popote. Lakini kanuni hiyo hiyo inawaagiza wachungaji na wazazi wahakikishe watoto wasiobanwa na sheria wanalelewa katika maana ya kweli ya toba. Kwa hiyo jibu si "wewe bado mdogo, nenda ukale". Jibu ni kumpa kipimo chake.

Na hata huo mfungo wa watu wazima anauelewa vibaya. Siku za kufunga kwa wote ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Anayefunga anakula mlo mmoja kamili, na anaruhusiwa kula kidogo asubuhi na jioni. Hakuna mahali sheria inapotaka mtu ashinde bila chochote. Ijumaa nyingine za Kwaresima ni za kuacha nyama.

Mtoto wa miaka 12 anakua kwa kasi, na akiba yake ya nguvu mwilini ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Akiruka mlo wa asubuhi na kwenda shuleni, katikati ya mchana atalegea, kichwa kitauma, atakasirika ovyo. Hapo anajifunza kuwa kufunga ni kuumwa. Anachoweza kufanya bila hatari: ale milo yake mitatu lakini aache vya kutafuna katikati, aache vitu vitamu na soda, asiongeze sahani ya pili, aache nyama Ijumaa mradi mlo huo uwe na protini nyingine. Maji hayapunguzwi kamwe. Siku ya michezo au ya mtihani chakula kisiguswe, afunge kitu kingine.

Akiona kizunguzungu, akitetemeka au kutoka jasho la baridi, ale papo hapo, na mwambieni mapema kwamba kula wakati huo si dhambi wala si kushindwa. Watoto wengine huficha dalili wakidhani watamvunja Mungu moyo.

Mtoto mwenye kisukari, selimundu, uzito pungufu, anayetumia dawa za kunywa pamoja na chakula, au aliyetoka kuugua juzi, asipunguze chakula kwa namna yoyote. Mwenye selimundu akikosa maji anaweza kuingia kwenye maumivu makali. Hao wafunge skrini, michezo, au maneno.

Kuna jingine linalohitaji jicho la mama. Katika umri huu, hasa kwa wasichana, kufunga kunaweza kugeuka njia ya kupunguza mwili. Msiitaje Kwaresima na uzito katika sentensi moja, hata kwa utani kati yenu wazazi. Mkiona anajipima kila mara, anaficha chakula, au anafurahia kuwa nguo zimelegea, simamisheni mfungo wa chakula moja kwa moja na mumtafutie daktari.

---

Mwl_ShuleYaJumapili

Bwana asifiwe. Mimi ni Mlutheri, kwetu hakuna sheria ya nyama, ila Kwaresima tunaishika na huyo mdogo wa miaka 4 ndiye wa darasa langu hasa.

Swali lake ni la akili nzuri. Anaona kila mwaka msalaba, kila mwaka kaburi, anahitimisha kuwa jambo linatokea upya. Mjibu: "Hapana. Yesu alikufa mara moja tu, zamani. Akafufuka, yu hai, na hatakufa tena." Ni neno la Warumi 6:9 kwa lugha yake. Kisha mpe mfano wa siku ya kuzaliwa: tunasherehekea kila mwaka ila hazaliwi upya. Kwa umri huo msitaje kamwe kifo cha Yesu leo na kuahirisha ufufuko mpaka Pasaka. Kwake wiki sita ni milele. Mambo yote matatu, alikufa, akazikwa, akafufuka, yasemwe kwa pumzi moja kila mara.

Kuna sentensi moja naomba ipigwe marufuku nyumbani: "Unaona, Yesu alisulibiwa kwa sababu ya ukaidi wako." Mtoto wa miaka 4 anasikia kwamba yeye, kwa kumwaga maziwa jana, amemuua mtu. Mafundisho ya Kristo kufa kwa ajili ya dhambi zetu yana wakati wake, na yanaanza na neno "alitupenda", hayaanzi na lawama.

Kama anaogopa msalaba wenye sanamu, msimlazimishe kuubusu au kuukaribia. Mwekeeni msalaba mtupu kwenye meza ya sala. Ule mwingine ubaki ukutani. Ataukaribia mwenyewe akiwa tayari.

Njia ya Msalaba vituo 14 ni vingi mno kwake. Chagueni vitano: cha 4 (Yesu akutana na Mama yake), cha 5 (Simoni wa Kirene), cha 6 (Veronika), cha 12 na cha 14. Kila Ijumaa kituo kimoja, dakika 3 hadi 5, na mikono ipate kazi. Kituo cha Simoni, abebe na kaka yake kitu kizito kidogo kutoka mlango hadi meza, kwanza peke yake, kisha wawili, aone tofauti. Kituo cha Veronika, apewe kitambaa chenye maji amfute mmoja wa wakubwa wake uso. Hapo ndipo watoto wanapoelewa, mkononi. Misumari na damu msizieleze. "Walimsulibisha, akafa" inatosha. Wa miaka 8 na 12 wasali vyote 14 wakipokezana kusoma, na kila kituo kiwe na sentensi mbili tu. Dakika 20 zikipita, akili zimeshatoka.

Na Aleluya. Katika Kwaresima haiimbwi, lakini mtoto haoni kitu kisichokuwepo. Jumanne kabla ya Majivu waandike ALELUYA kwa rangi kwenye karatasi, waikunje, waifungie kwenye boksi na kulificha mahali wanapopajua. Desturi ya kuizika Aleluya ni ya kale, ilikuwepo Ulaya tangu Zama za Kati. Kosa la kawaida: mzazi analificha peke yake na kupasahau. Wafiche wenyewe.

---

BabaK

Naunga mkono yote, ila naona mmeisahau motisha. Nyota za kubandika zinafanya kazi. Kila tendo jema nyota moja, mwenye nyingi anapata zawadi Pasaka. Watoto wanajituma kweli.

---

Katekista_Mzee

BabaK, wanajituma, na hapo ndipo penye shida. Injili ile ile inayofungua Kwaresima inasema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia, na kwamba anayetenda ili aonekane amekwisha kupata thawabu yake. Ukibandika nyota ukutani unamfundisha mtoto kinyume, neno kwa neno. Tena ndugu wawili wakishindania nyota, wataanza kusemeana: "Leo hujasali!" Na mdogo wa miaka 4 hawezi kumpita wa 12, anakata tamaa.

Ukitaka kitu cha kuonekana, tumia chombo kimoja cha wote. Bakuli la mbegu kavu na mtungi mtupu wa kioo. Aliyetenda jambo kwa siri anahamisha mbegu moja, hasemi ni nini, haulizwi. Hakuna majina. Mtungi unapanda na hakuna ajuaye ni mbegu za nani.

Au taji la miiba la unga wa chumvi. Vipimo ni unga vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, maji kikombe 1 yakiongezwa kidogo kidogo. Unga ukinata mkononi ongeza unga, ukipasuka ongeza maji kijiko kimoja. Sokota kamba tatu zenye unene wa kidole, zisuke, ziunge mviringo. Vijiti vya kuchokolea meno vichomeke kabla haujakauka, viingie nusu sentimita tu, na kila kimoja ukizungushe kidogo ili tundu lilegee. Usipofanya hivyo unga unakishika kijiti na mtoto hawezi kukitoa, au anavunja taji zima. Kausha kwenye oveni ya moto mdogo, nyuzi 100 hivi kwa saa 2 hadi 3, au hewani siku kadhaa ukiligeuza. Kamba zikinenepa kupita kidole taji litapasuka, maana nje kunakauka kabla ya ndani. Kila tendo la siri, mwiba mmoja unatoka. Huyo wa miaka 4 asiachwe peke yake na vijiti, na taji lisiwe karibu na mbwa; chumvi hiyo ni sumu kwake.

---

Mama_Watatu

Asanteni sana, hii ndiyo niliyotafuta. Imebaki Jumapili: anayeacha katuni azitazame Jumapili au la? Na kitubio cha wa kati, nianzie wapi?

---

Katekista_Mzee

Jumapili, nia ya hiari iamueni kabla ya Jumatano ya Majivu na msibadilishe njiani. Njia zote mbili zinakubalika. Kwa watoto wadogo nashauri walegeze Jumapili, kwa sababu wanauona utofauti wa siku ya Bwana. Ila isiwe kulipizia: saa nne za katuni kufidia wiki nzima. Kiwango cha kawaida, basi. Mtoto akivunja nia katikati ya wiki, anaanza tena kesho, bila faini na bila kuongezewa siku.

Kitubio. Kanisa linahesabu kuwa mtoto akitimiza miaka 7 ana matumizi ya akili, kwa hiyo wa 8 yuko pale pale. Sala ya kutubu ianze kufundishwa wiki tatu kabla, sentensi moja kila siku tatu. Mtoto anayeisahau mbele ya padre huingiwa na hofu inayodumu. Andika sala hiyo kwenye kikaratasi aingie nacho, hakuna ubaya.

Uchunguzi wa dhamiri uwe na maswali sita, mawili mawili: kwa Mungu (nilisali? nilitaja jina lake ovyo?), kwa wengine (nilimwumiza nani? nilidanganya au kuchukua kisicho changu?), kwangu (nilitii? niliharibu kitu kwa makusudi?). Umsomee kwa sauti, ajibu kimya. Usimkumbushe: "Na ile ya juzi je?" Dhambi anazitaja yeye. Akitoka usimwulize amesema nini wala amepewa malipizi gani. Mfundishe pia tofauti ya ajali na dhambi: sahani iliyoponyoka si ya kuungama, uongo wa kusema paka ndiye aliyeivunja ni wa kuungama.

Mfanyie mazoezi ya hatua kwa mpangilio: ishara ya msalaba, kusema ni mara yake ya kwanza, dhambi, kusikiliza, sala ya kutubu, maondoleo, kutimiza malipizi aliyopewa. Katika mazoezi ataje dhambi za kubuni, zisiwe zake. Mpeleke wiki ya pili au ya tatu ya Kwaresima. Juma Kuu foleni ni ndefu, padre amechoka, na mtoto amesimama saa nzima akisahau alichokuja kusema.

---

Nesi_Lishe

Naongeza la majivu. Ni kisakramenti, yaani ishara takatifu ya Kanisa isiyo sakramenti yenyewe, hata mtoto mchanga anaweza kupakwa. Lakini yakimdondokea machoni huwasha. Mwambieni mdogo asiguse paji la uso kisha akapikicha macho; yakiingia, osha kwa maji safi mengi.

---

Mwl_ShuleYaJumapili

Na kopo la sadaka, Mama. Liwe la kuona ndani, na liandikwe mapema pesa zinaenda wapi, kwa jina la kazi anayoielewa mtoto: chakula cha mgonjwa fulani mnayemjua, madaftari ya jirani. "Kwa maskini" ni neno pana mno kwa wa miaka 4. Wazazi msitumbukize noti kubwa karibu na mwisho, sarafu zake zitaonekana si kitu. Yenu iwe na bahasha yake. Mhesabu pamoja Jumatano ya Juma Kuu, kabla ya siku kuu tatu kuanza, na wakabidhi wenyewe kwa mikono yao. Wa miaka 8 anaweza kuandika jumla. Wa 12 afuatilie kama zimefika.